Kitufe cha Ritifaa na Tachipadi Iliyokosa Habari

Sentensi ilikuwa ikisema kwamba ng'ombe wa maziwa anahitaji maji safi wakati wote. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi niliyokuwa nikinakili, nusu yake ya mwisho ilikuwa imekaa aya mbili juu, katikati ya jedwali la chanjo. Niliikata, nikairudisha mahali pake, nikaendelea. Baada ya mstari mmoja na nusu kishale kiliruka tena, safari hii kikatua ndani ya kichwa cha sura, na kabla sijatambua nilikuwa nimekwisha kuandika maneno "pumba za mahindi" katikati ya jina la kijitabu.

Kila aliyewahi kuandika kwenye kompyuta ya mapajani anakijua kisa hiki. Kiganja kinagusa tachipadi, yaani kile kibao cha mstatili kilicho chini ya kibodi. Mguso huo mwepesi unahesabiwa kuwa bonyezo la kipanya, na kishale cha maandishi kinahamia popote pale mshale wa kipanya ulipokuwa umelala. Kwangu mimi, hata hivyo, jambo hilo lilikuwa geni. Kompyuta ile ya mtumba nilikuwa nimeitumia zaidi ya mwaka mzima, ikiendeshwa na Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, pamoja na mazingira ya dawati ya Xfce juu ya Xorg, programu inayochora madirisha na kupokea vitufe na kipanya, na katika muda wote huo sikuwahi kuona neno likihama peke yake. Viganja vyangu havikuwa vimenenepa. Kitu fulani kilikuwa kimebadilika ndani ya mashine, na aliyekibadilisha, kama nilivyokuja kubaini kwa aibu kidogo, nilikuwa mimi mwenyewe.

Tumezoea kusema kwamba kibodi na kipanya "vinagongana", kana kwamba ni mafahali wawili katika zizi moja. Baada ya kisa hiki silipendi sana neno hilo. Kibodi yangu haikuwa na habari kwamba kuna tachipadi, wala tachipadi haikuwa na habari kwamba kuna kibodi. Kulikuwa na mpatanishi mmoja katikati aliyetakiwa kupeleka habari za huyu kwa yule, na habari hizo zilikuwa zikiishia njiani.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa mlango. Katika kompyuta nyingi za mapajani za umri ule, kibodi na tachipadi hazipiti kwenye USB, bali hupitia kidhibiti kimoja cha kale ambacho Linux hukiita i8042, kwa kumbukumbu ya kipande cha Intel 8042 ambacho IBM ilikitumia kuhudumia kibodi katika kompyuta yake ya PC/AT ya mwaka 1984. IBM ilipotoa kompyuta za PS/2 mwaka 1987, kipanya nacho kilipitishwa kwenye mlango huo huo, na mpangilio huo umedumu hadi kwenye mashine ambazo hazina hata tundu moja la duara la PS/2 kwa nje. Baiti zinazotoka kwenye kibodi na zile zinazotoka kwenye tachipadi zote husomwa kwenye anwani moja, 0x60, na ni biti moja tu katika baiti ya hali, kwenye anwani 0x64, inayoeleza kama mgeni aliyebisha hodi ametoka upande wa kibodi au upande wa kipanya. Kibodi humwita mchakataji kwa ombi la kukatiza namba 1, kipanya kwa namba 12. Ukifungua faili la `/proc/interrupts` katika mashine ya namna hiyo utaliona jina la i8042 mara mbili, kwenye mistari hiyo miwili.

Mlango mmoja ukitumiwa na wageni wawili, shaka ni halali. Tachipadi ya kampuni ya Synaptics hupeleka habari zake kwa mafungu ya baiti sita sita. Baiti moja ikipotea, fungu zima husomwa kombo, na mshale wa kipanya huruka hadi pembe ya skrini kama panzi. Kiini cha mfumo (kernel) hakinyamazi jambo hilo linapotokea. Huandika katika kumbukumbu zake kwamba psmouse, yaani draiva inayohudumia vipanya vya aina hiyo, imepoteza mwafaka na kifaa, na kinataja ni kwenye baiti ya ngapi. Nilipitia kumbukumbu hizo zote kwa amri ya `dmesg`, kuanzia kuwashwa kwa mashine na sikukuta lalamiko hata moja. Zaidi ya hapo, nilipoanza kuangalia kwa makini, niligundua kwamba mshale wa kipanya wenyewe haukuwa ukiruka. Ulikuwa umetulia pale nilipouacha, na kilichohama ni kishale cha maandishi peke yake, kuufuata. Hilo lilikuwa bonyezo safi, lililosomwa sawasawa, kutoka kwenye mguso wa kweli wa kiganja cha kweli. Mlango ukaachiwa huru.

Mshukiwa wa pili alikuwa draiva ya Xorg: ya kisasa huitwa libinput, ya zamani synaptics. Xorg husoma mafaili ya usanidi yaliyomo katika `/usr/share/X11/xorg.conf.d` kwa kufuata mpangilio wa majina yake, na pale ambapo mafaili mawili yanadai kifaa kimoja, la mwisho ndilo linaloshinda. Faili la libinput linaitwa `40-libinput.conf`, la draiva ya zamani ya synaptics linaitwa `70-synaptics.conf`. Kwa hiyo mtu akisakinisha kifurushi cha synaptics, hata kwa bahati mbaya akifuata maelekezo ya miaka kumi iliyopita, tachipadi yake inatoka mikononi mwa libinput bila onyo lolote, na mipangilio yote aliyoizoea inaacha kufanya kazi. Hili ni kosa la kawaida sana, na jibu lake liko kwenye mstari mmoja wa `/var/log/Xorg.0.log` unaotaja ni draiva ipi imechukua kifaa kipi. Kwangu mstari huo ulisema libinput. Mshukiwa wa pili naye akaenda zake.

Hapo nilifanya kile ambacho watu wengi hufanya: nilizima bonyezo la kugusa katika mipangilio ya Xfce. Kuanzia hapo, ili kubonyeza, ilinibidi kusukuma kitufe halisi, na maneno yakaacha kuhama. Nilikaa siku mbili katika hali hiyo nikijidanganya kwamba nimemaliza kazi, lakini mshale wa kipanya ulikuwa bado ukitambaa kila nilipoandika, polepole, kama konokono anayevuka ukurasa, na nilijua kwamba nimetuliza maumivu bila kugusa ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina. Libinput, maktaba ambayo leo inahudumia vifaa vya kuingizia katika mifumo mingi ya Linux, na ambayo mtunzaji wake mkuu kwa miaka mingi ni Peter Hutterer, ina desturi ya kuinyamazisha tachipadi mtu anapoandika. Desturi hiyo ni ya busara kuliko nilivyodhani. Kitufe cha kwanza kikibonyezwa, tachipadi hunyamazishwa kwa muda mfupi sana, milisekunde 200. Uandishi ukiendelea, muda huo hurefuka hadi milisekunde 500 baada ya kila kitufe. Vitufe vya kushikilia kama Ctrl na Alt havihesabiwi, kwa sababu mtu anayebonyeza Ctrl huku akisogeza kipanya kwa kawaida anajua anachokifanya. Na mguso ulioanza wakati wa kuandika hubaki umepuuzwa hata baada ya uandishi kukoma, mpaka kidole kiinuliwe, ili kiganja kilichojilaza kwenye tachipadi kisije kikageuka kuwa kipanya ghafla mwandishi anapopumzika kufikiri.

Amri ya `libinput list-devices` hueleza kama desturi hiyo imewashwa. Nilipoitumia, chini ya jina la tachipadi yangu kulikuwa na mstari wa Disable-w-typing, na mbele yake neno enabled: imewashwa. Nikatoa pia maelezo marefu kwa `libinput debug-events --verbose`, nayo yakanionyesha kwamba tachipadi ilikuwa imeunganishwa kwa ajili hiyo na kibodi ya ndani, ile iitwayo "AT Translated Set 2 keyboard". Kila kitu kilikuwa sawa kwenye karatasi, ila kwenye skrini pumba za mahindi ziliendelea kuvamia majina ya sura.

Katika hatua hii ndipo nilipoacha kuuliza kama mipangilio imewashwa, nikaanza kuuliza swali la kitoto zaidi: nikibonyeza herufi, ni nani hasa anayeisikia? Kuna programu ndogo iitwayo evtest inayojibu swali hilo hilo na hakuna zaidi. Unaiendesha kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, unachagua kifaa kimoja kati ya vile vilivyomo katika `/dev/input`, na kila kitufe unachobonyeza kinaonekana kama namba: aina ya tukio, namba ya kitufe, na thamani, ambapo 1 ni kubonyeza, 0 ni kuachia na 2 ni kujirudia. Huhitajika `sudo` kwa sababu nzuri. Anayeweza kusoma mafaili hayo anaweza kusoma nenosiri lako pia. Nilichagua `event3`, kibodi ya ndani. Badala ya namba, evtest iliniambia kwamba kifaa hicho kimeshikwa na programu nyingine, kwamba hakuna tukio litakalomfikia msikilizaji mwingine yeyote maadamu kimeshikwa, na kwamba nikitaka kumjua aliyekishika nitumie `fuser -v`. Nilitumia. Katika orodha, pamoja na Xorg, lilisimama jina la keyd.

Basi inabidi nirudi nyuma mwezi mmoja, kwenye ng'ombe.

Kijitabu nilichokuwa nikikihariri kilihusu ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na katika Kiswahili huwezi kwenda mbali katika somo hilo bila ritifaa, ile alama (') ya ng'. Ng'ombe, kung'atwa na kupe, kung'oa majani, maji yanayong'aa, mifugo iliyotoka ng'ambo: kila ukurasa ulikuwa na alama hiyo mara ishirini au thelathini. Na alama hiyo si pambo. Ukiandika "kungoa" badala ya "kung'oa" msomaji anaweza kukuvumilia, lakini ngoa ni neno lenye maana yake, ya uchu na wivu, nami sikutaka mfugaji wa watu asome kuhusu wivu pale alipotarajia magugu. Sasa, kitufe cha ritifaa cha kompyuta yangu kilikufa. Kilianza kwa kusitasita, kikafuata kwa kuhitaji kubonyezwa kwa nguvu kama kengele ya mlango mbovu, kisha siku moja kikanyamaza kabisa. Fundi niliyempelekea alikitazama kwa sekunde tano, akasema, "Kaka, hapa kitufe kimoja kimoja hakibadilishwi, inabadilishwa kibodi nzima," na akanitajia bei ambayo ilikuwa inakaribia theluthi ya ile niliyonunulia mashine yote.

Kwa juma zima nilikuwa nikinakili ritifaa moja na kuibandika kila inapohitajika. Baadaye nikakumbuka kwamba kitufe cha Caps Lock, kikubwa na kizima, kimekaa chini ya kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto bila kazi yoyote ya maana. Nilisikia habari za keyd, programu inayobadilisha kazi za vitufe kwa mfumo mzima, nikaipakua, nikaiunda kwa `make`, na katika `/etc/keyd/default.conf` nikaandika mistari minne:

[ids]
*
[main]
capslock = apostrophe

Ilifanya kazi mara ya kwanza, na hilo ndilo lililonisahaulisha. Jambo lililokataa mara tano kabla ya kukubali, mtu hulikumbuka. Lile lililokubali papo hapo hupotea akilini. Nilirudi kwa ng'ombe wangu kwa furaha, na sikuhusisha hata kidogo kurukaruka kwa kishale, nilikokuja kukutambua siku kadhaa baadaye, na kitufe cha herufi kubwa kilichoko upande wa pili kabisa wa mashine.

Namna keyd inavyofanya kazi ndiyo kiini cha mambo. Haikai pembeni ikinong'oneza. Inafungua faili la kibodi halisi na kukiomba kiini cha mfumo haki ya kulisikiliza peke yake, haki ambayo wanaoandika draiva huiita EVIOCGRAB. Kuanzia hapo, matukio ya kibodi hiyo hayamfikii msikilizaji mwingine yeyote. Kisha, kwa kupitia huduma iitwayo uinput, inaunda kibodi pepe, kifaa kisicho na mwili, chenye jina "keyd virtual keyboard", na kupitia hicho inayarudisha matukio yote kwenye mfumo, baada ya kubadilisha yale uliyoyataka yabadilike. Kwa macho ya Xorg na LibreOffice hakuna tofauti: herufi zinaingia. Kwa macho ya libinput, hata hivyo, kuna kibodi mbili sasa. Moja ni ile ya ndani, ambayo imezibwa mdomo. Nyingine ni ngeni inayosema sana, ambayo haijulikani imetoka wapi.

Na libinput haiunganishi tachipadi ya ndani na kibodi ya nje. Ukitafakari utaona kwamba ni sahihi: mtu aliyechomeka kibodi ya USB mikono yake iko mbali na tachipadi, na hakuna sababu ya kumnyima kipanya kila anapobonyeza herufi. Kibodi iliyopita kwenye mlango wa zamani wa PS/2 huhesabiwa kuwa ya ndani; ukiangalia `/proc/bus/input/devices` utaona imeandikwa Bus=0011. Kibodi pepe haijapita kwenye mlango huo, na hakuna aliyeitetea, kwa hiyo haikuingizwa ndani. Matokeo yake ni kwamba libinput ilikuwa imekaa kando ya kibodi ya ndani ikisubiri dalili kwamba ninaandika. Kibodi hiyo haikutoa sauti, nayo ikahitimisha kwa haki kabisa kwamba siandiki. Neno enabled nililoliona lilikuwa la kweli. Mlinzi alikuwa macho, ila alikuwa amepewa kulinda chumba kitupu.

Nitasema kitu kimoja kwa kumtetea mzee. Zamani, wakati wa draiva ya synaptics, kazi hii ya kunyamazisha tachipadi ilifanywa na programu tofauti iitwayo syndaemon, ambayo kwa kawaida ilikuwa ikiiuliza Xorg kila mara ni vitufe vipi viko chini. Ilikuwa njia ya kusumbua na yenye kupoteza nguvu za betri, na sikulia ilipotoweka. Lakini kwa kuwa ilisikiliza kule juu, baada ya kibodi zote kuwa zimekwisha kuchanganywa, isingedanganywa na kibodi pepe hata siku moja. Libinput inasikiliza chini zaidi, karibu na vifaa, na ndiyo maana inaweza kutofautisha kibodi ya ndani na ya nje. Uwezo huo huo ndio ulioniponza.

Kabla ya kurekebisha nilitaka ushahidi, kwa sababu mara mbili nilikuwa nimemshuku asiyehusika. Jaribio lilikuwa rahisi. Niliendesha `libinput debug-events`, nikaandika kwa mkono wa kulia huku kidole gumba cha kushoto nikikigusisha kwenye tachipadi na kukisogeza kidogo kidogo. Mistari ilimiminika, ya kibodi na ya kipanya ikiwa imechanganyika, na ile ya kibodi ilionyesha nyota tatu badala ya herufi, kwa maana programu hiyo huficha kwa makusudi kile unachokiandika ili mtu asije akabandika nenosiri lake hadharani anapoomba msaada. Kisha nikaisimamisha keyd kwa `sudo systemctl stop keyd` na kurudia. Mistari ya kibodi ilikuja peke yake. Ya kipanya haikuonekana mpaka nilipoacha kuandika na kuinua kidole. Niliwasha, nikazima, nikawasha tena. Mara zote matokeo yalikuwa yale yale.

Ningependa kuongeza hapa, kwa yeyote atakayecheza na programu za namna hii, kwamba keyd ina mlango wa dharura: ukibonyeza Backspace, Escape na Enter kwa pamoja inajiua na kuiachia kibodi. Jifunze jambo hilo kabla ya kuandika usanidi. Programu iliyoshika kibodi peke yake, ikiwa na usanidi wenye kosa, inaweza kukufungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Tiba niliyoitumia kwanza ndiyo ile inayojulikana zaidi. Libinput ina mafaili ya mambo ya pekee ya vifaa, na mwenye mashine anaruhusiwa kuongeza la kwake katika `/etc/libinput/local-overrides.quirks`. Saraka yenyewe huenda haipo, ikabidi uiunde. Ndani yake nikaandika:

[Kibodi pepe ya keyd]
MatchUdevType=keyboard
MatchName=keyd virtual keyboard
AttrKeyboardIntegration=internal

Kwa maneno mengine: huyu unayemwona mgeni ni mtu wa nyumbani. Nilihakiki faili kwa `libinput quirks validate`, nikatoka kwenye kikao changu na kuingia upya, nikawasha tena bonyezo la kugusa, na kishale kikatulia. Kijitabu cha ng'ombe kilimalizika katika hali hiyo, na kama maisha yangu yangeendelea vile vile ningekuwa nimeishia hapo.

Tatizo lilirudi kwa mlango wa nyuma, na kwa sura iliyogeuzwa. Shingo ilipoanza kuniuma niliinua kompyuta juu ya rundo la vitabu na kuchomeka kibodi ya USB. Mkono wa kushoto ukawa kwenye kibodi hiyo, wa kulia ukawa juu kwenye tachipadi, na kazi ilikuwa ya kupunguza picha katika GIMP, programu ya kuhariri picha, ambamo kila zana ina herufi yake: unabonyeza herufi na kusogeza mshale mara moja. Kila nilipobonyeza herufi, tachipadi ilikufa. Isitoshe, kama kidole changu kiligusa tachipadi mapema mno, iliendelea kuwa mfu hata nikisubiri, mpaka nikiinue kidole na kukirudisha. Safari hii nilimjua mhusika kabla ya kufungua terminali. Ile nyota niliyoiandika chini ya [ids] ilikuwa na maana ya kibodi zote, pamoja na ya nje, na keyd huzipitisha zote kwenye kibodi pepe moja ile ile. Nami nilikuwa nimekula kiapo mbele ya libinput kwamba kibodi pepe hiyo ni ya ndani. Kibodi ya nje ilikuwa imeingia nyumbani kwa jina la mwenzake.

Marekebisho madogo yangetosha: kuondoa nyota na kuandika 0001:0001, namba ambazo kibodi ya ndani ya aina hii hujitambulisha kwazo, ili keyd iiache kibodi ya USB iende zake. Nilifanya hivyo na kukakaa sawa. Lakini usiku ule nilianza kuhesabu nilichokijenga kwa ajili ya kitufe kimoja. Kulikuwa na programu inayoendeshwa na mamlaka ya juu kabisa, inayosoma kila ninachoandika. Kifaa cha kubuni. Faili la kukitetea kifaa hicho mbele ya libinput, katika muundo ambao watunzi wenyewe wa libinput wanaonya kwamba si ahadi ya kudumu na unaweza kubadilika toleo lolote. Na sasa kipimo cha namba za kuzuia vitu hivyo vyote visiiguse kibodi ya pili. Kwa mtu anayetaka vitufe vyake vifanye kazi moja vikiguswa na nyingine vikishikiliwa, gharama hiyo ni ya haki, na keyd inaifanya kazi hiyo vizuri sana. Mimi nilihitaji ritifaa.

Kwa hiyo nikashuka ngazi nyingine chini. Kabla namba ya kitufe haijafika kwenye `/dev/input`, kiini cha mfumo hutafsiri namba nyingine, ile ghafi inayotoka kwenye kibodi yenyewe, kwa kutumia jedwali ambalo linaweza kubadilishwa. Evtest huionyesha namba ghafi hiyo kwenye mstari wa MSC_SCAN kila unapobonyeza kitufe. Ya Caps Lock ni 3a. Namba ya ritifaa katika hesabu za Linux ni 40. Baada ya kuiondoa keyd pamoja na faili la utetezi, nilijaribu kwa amri moja ambayo hufutika mashine ikizimwa:

sudo setkeycodes 3a 40

Caps Lock ikaandika ritifaa. Hakuna programu iliyosimama katikati, hakuna kibodi pepe, na libinput ilikuwa inaisikiliza kibodi ile ile ya ndani iliyoisikiliza tangu siku ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa na ulimi wake. Ili mabadiliko yadumu, niliunda faili la `/etc/udev/hwdb.d/90-ritifaa.hwdb` lenye mistari miwili, wa pili ukianza kwa nafasi moja tupu, ambayo nilipoisahau mara ya kwanza hakuna kilichotokea:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_3a=apostrophe

Nikafuatisha `sudo systemd-hwdb update` na `sudo udevadm trigger`, na kazi ikaisha. Inafanya kazi katika Xorg, na pia katika terminali nyeusi ya Ctrl+Alt+F2 ambako Xorg haipo.

Kanuni hiyo inazihusu tu kibodi zinazohudumiwa na draiva ya atkbd, yaani ile ya ndani. Kibodi ya USB imebaki kama ilivyotoka kiwandani, na ritifaa yake na Caps Lock yake, kila kimoja mahali pake. Hilo ndilo nililolitaka, ila sikuvishirikisha vidole. Vimekwisha kuzoea kwamba ritifaa iko kushoto, na kila ninapohamia kwenye kibodi ya nje, ng'ombe wa kwanza ninayemwandika hutokea skrini akiwa ngOMBE.